Unagawanya kwa Nini?

Daftari la kwanza lilikuwa na jalada jeusi la kitambaa,
kona zake zimeliwa na mende.
Nililikuta mezani mwaka wa sabini na tisa,
petroli ikitoka kwa kibali,
na Jumapili alasiri barabara ya Magu ikiwa ya mbuzi.

Mwaka mzima nilijaza kurasa kumi na moja.
*Lori la pamba, limepinduka. Utingo, mbavu.*
*Baiskeli na ng'ombe, Kisesa.
Mwenye baiskeli, mkono. Ng'ombe, hajambo.*
Nafasi ya kuandika hivyo ilikuwepo.
Nafasi ya kuuliza jina la baba, na la kijiji, ilikuwepo.

Kisha lami ikaja, tukaipigia vigelegele.
Mashimo yaliyokuwa yakitushika shati
yakafukiwa, na hakuna aliyetushika tena.
Mabasi yakawa yanagombea kufika Usagara
kana kwamba Usagara ingehama.
Daftari moja kwa mwaka. Kisha mawili.
Nikaacha kuuliza jina la baba.

Halafu pikipiki.
Mwanzoni niliziandika chini ya "nyinginezo".
Mwezi wa tatu "nyinginezo" ikawazidi wenye majina,
nikachukua rula, nikachora safu mpya.
Wodi ya mifupa tukaiita Kijiweni:
vijana wamelala mguu juu, mawe yananing'inia,
wamepanga foleni, hakuna abiria.
*Lubango Ng'wandu, 22, Buhongwa.*
*Hajulikani, mwanamume, ndara mguu mmoja.*
*Hajulikani.*
*Hajulikani, ana ufunguo shingoni.*

Juzi kaja Ndebile, kijana wa takwimu,
kompyuta kwapani, adabu tele.
"Mwadila, mayu. Nina habari njema.
Kiwango kimeshuka."
Akanionyesha mstari: unaanzia juu kushoto,
unashuka polepole kama mbuzi
atokaye kwenye mawe ya Bwiru kwenda ziwani kunywa.

Nikamwuliza: unagawanya kwa nini?
Akadhani nauliza sababu.
Akaanza kunieleza umuhimu wa ulinganifu, maskini.
Hapana, mwanangu. Kwa *nini*. Kitu gani kiko chini ya mstari?
"Aa. Magari, mayu. Kwa kila magari elfu kumi."
Na ukiweka watu?
Akabonyeza.
Mbuzi akageuka, akaanza kupanda.

Wafu wale wale.
Hakuongezeka hata mmoja kati ya kubonyeza na kubonyeza.

Sikumlaumu. Usiku nilikokotoa mwenyewe
nyuma ya bahasha ya bili ya maji,
hesabu yake ni safi, na yangu pia.
Na kuna jambo sitalificha kwa kuwa linanikera:
mwaka wa themanini paja likivunjika
tulikuwa tunamtafuta shangazi mwenye sanda.
Leo wanatiwa chuma, wanatoka wanachechemea,
wananipigia honi pale Mabatini
nami siwakumbuki.
Hao nao ni hesabu. Waandikwe.

Ila daftari la mwaka huu ni la nne na bado ni Agosti,
na ndani yake hakuna ng'ombe aliye hajambo.

Ndebile aliaga jua likiwa limeegemea Saanane.
Nikasikia akipiga teke kuiwasha,
nikachungulia: kofia ngumu ameitundika kwenye usukani
kama kapu la dagaa.
Nikafungua dirisha lililogoma tangu masika.
*We! Vaa!*
Akacheka. Akavaa.
Nikausikiliza mlio wake ukishuka mlima,
kona ya kwanza, kona ya pili,
mpaka ukazama katika milio mingine ya mji
na sikuweza tena kuutenga.

Nikarudi mezani, nikapiga mstari wa kufunga siku.
Chini yake nimeacha nafasi moja wazi.
Si kwa ajili yake.
Ni mazoea ya kazi tu, huwa naiacha.