Jiwe la Jikoni

Juu ya lango, mwaka: elfu moja mia tisa na…
Tarakimu ya mwisho imeliwa na mvua.

Ramani ya Virji ilitaka ngazi inyooke.
Fundi Lugiko akakuta jabali,
akaligonga nyundo siku tisa,
likamjibu kwa cheche.
Basi ngazi ikapinda.
Jabali likabaki jikoni, limeketi kama mkwe,
nyumba nzima ikalizunguka kwa adabu.

Dari la mvule, nakshi za roshani,
vioo vya rangi vilivyomwaga zambarau
kwenye unga wa muhogo wa bibi yangu,
mpangaji wa chumba cha uani.

Jana wamepita na rangi nyekundu.
X mlangoni. X ukutani.
Kijana akaingia jikoni, brashi mkononi,
akalitazama jiwe,
akatoka.