Toleo la Pili

Mwinyihaji ananifungulia kitabu kipya juu ya kaunta,
bado kinanuka gundi.
"Picha ni zile zile," asema,
"na karatasi inang'aa, tazama."

Natazama. Ukurasa wa arobaini na moja:
Kibokoni, saa saba, jua la utosini,
kinyozi, baiskeli, mlango ulio wazi nusu.
Ndani ya mlango, weusi.
Weusi tu, kama masizi ya sufuria.

Natoa mkobani kile cha marehemu baba.
Mende wamekula jalada, hewa ya chumvi
imezipiga kurasa madoadoa ya chai.
Lakini kivuli chake kina vyumba:
kijivu cha moshi, kijivu cha njiwa,
kisha weusi wa buni iliyokaangwa,
na humo, ukilizoesha jicho polepole,
mkono umeshika kikombe cha kahawa,
bangili mbili, kidole gumba
kilichopinda.

Hakuna aliyeandika jina lake.
Taibali alipiga picha, akapita zake.
Sisi nyumbani tunakijua kidole kile;
mimi ninacho.

Mtambo mpya umemwaga wino mara moja, basi,
nyanya yangu akazibiwa ndani,
na ukuta wa mkabala, uliokuwa na nyufa
na jina la mtu kwa mkaa,
umefutika, mweupe pe.

"Bei nitakupunguzia."

Simjibu. Naviweka viwili ubavu kwa ubavu,
mlango na mlango.
Bisha hodi, Mwinyihaji.
Sikiliza ni upi utakaokwambia karibu.