Kiganja

Miaka thelathini baba alikaa nyuma ya mizani ya kituo
kule Mtambwe, miwani puani, penseli sikioni,
na kabla ya jiwe kuwekwa, kabla ya sindano kutulia,
alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko,
akasikiliza kwa kiganja,
kisha akahukumu:
"Hizi mbichi. Zirudisheni juani."
Hakuna aliyebisha. Hata mjomba wake mwenyewe,
aliyezinyunyizia maji usiku zipate kuongeza kilo,
alibeba gunia lake akaondoka,
na mwaka mzima asiitikie salamu.

Leo, saa tisa za usiku, mtia mkono ni mimi.
Chini ya shuka, chini ya nyonga iliyobaki mfupa,
polepole, nisimwamshe.
Mbichi.

Washa taa. Mgeuze. Tandaza kanga
baina ya macho yangu na utupu wake,
maana aliniomba, siku zile bado akijua cha kuomba:
"Mize, mwanangu, usinitazame."
Sikumtazama. Mikono imejifunza njia peke yake,
kama ya mtu ashonaye gizani.

Nina daftari la skuli, jalada la buluu.
Pampasi pakiti moja, elfu kumi na nane.
Vidonge vya presha. Vidonge vya sukari.
Gari ya kukodi hadi Wete, kwenda na kurudi,
na daktari hakuwepo.
Hela ya wazee huingia, hutoka kabla haijapoa.
Herini zangu za harusi. Mbuzi jike na mwanawe.
Mikarafuu mitatu ya bondeni nimeikodisha misimu miwili
kwa mtu wa Gando, yule yule
ambaye magunia yake baba aliyarudisha kila mwaka.
Cherehani bado ipo.
Sina saa ya kuikalia.

Massoud yuko Maskati. Hunitumia sauti:
mpe asali, dada, mpe habasoda, wali mweupe usimpe.
Husema vizuri. Nyuma ya sauti nasikia kiyoyozi.
Bikombo, wa Unguja, hulia kwenye simu
mpaka inakuwa mimi ndiye wa kumbembeleza.
Ramadhani walichanga laki moja
na risiti ikapigwa picha, ukoo mzima ukaiona.
Nikinyamaza, mimi mwema. Nikiuliza, nasimanga.

"Pepo yako hiyo, Mize, umeikalia," husema majirani.
Sikatai.
Ila duka la Bi Zuwena halipokei pepo,
na jana aliufunga ukurasa wangu kwa rula.

Kuna jambo jengine, halimo daftarini.
Usiku mmoja nilikaa ukingoni mwa kitanda
nikihesabu pumzi zake,
na sikujua kama nahesabu nikitaka ziendelee
au.
Asubuhi nikampikia uji wa mtama mzito kuliko siku zote,
nikautia samli ya mkopo.

Mume wangu Hamad hasemi kitu. Ndiko kusema kwake.
Lakini kila alfajiri, kabla hajenda kazini,
humnyanyua baba kama anyanyuavyo mtoto wa mwenziwe, kwa hadhari,
akamlaza uani penye jua la kwanza,
pale tulipokuwa tukianika karafuu,
ambapo sasa naanika godoro.

Hapo ndipo nilipochutama leo, namkata kucha.
Kucha za mkono wa kulia, zile zilizokuwa na rangi ya karafuu
hata sikukuu, hata baada ya sabuni.
Sasa nyeupe.
Machozi yakanitoka, sijui ya lipi katika yote.

Hanijui tangu Mfungo Tatu. Huniita kwa jina la dadaake aliyekufa.
Lakini aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu,
akaniweka kiganja shavuni,
kikatulia, kama kingojacho sindano.
Kisha akamgeukia mtu asiyekuwepo, mwenye penseli:

"Hizi mbichi," akasema.
"Msizipime leo."