Yesu Anaoka

Bangili elfu mbili zimetua kutoka Guangzhou,
mpira wa zambarau unaonuka slipa mpya.
Nikapasua katoni kwa kisu cha kumenyea viazi,
nikasoma mara tatu:
YESU ANAOKA.

O moja tu. O moja imedondoka njiani,
labda bandarini, labda kwenye ushuru,
maana huko hakipiti kitu kizima.

Hapa Dubois Road, ghorofa ya tatu, kibanda 47B,
nauza mafuta ya upako (ni alizeti; Sarafina huyapima usiku
kwa kifuniko cha soda),
leso za miujiza, dazeni kwa mia nne,
stika za nyuma ya gari, saa za ukutani
zenye Mchungaji Mwema wa macho ya samawati
na akrabu ya sekunde inayomkata shingo kila dakika.
Sijawahi kuona haya. Karo ni karo.

Askofu Muthengi alikuwa amelipa nusu,
kwa ajili ya mkesha wa mwaka mpya.
Akaivaa moja, akaivua kama inayochoma.
"Mama Kageha, unataka nihubiri jikoni?"
Akadai pesa zake; baraka akaondoka nazo.

Januari nzima katoni zilikaa mbele ya meza,
wateja wakizikalia wakijaribu pete.
Mpaka akaja Nabwire wa Kariobangi,
anayeoka mikate kwa jiko la pipa,
unga kwenye nyusi, akitafuta stika ya mkokoteni.
Akaketi. Akachungulia. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Kumbe mnajua!" akasema. "Si alipofufuka
aliwasha makaa ufukoni, akawaokea samaki
walewale waliomkimbia?
Wala hakuzungusha kapu la sadaka.
Aliwaita tu, wakala."

Akanunua hamsini, shilingi kumi kila moja,
moja kwa kila mkate wa Jumamosi.
Wiki iliyofuata akarudi kuchukua mia mbili.

Sasa Guangzhou wananiuliza kwenye simu:
tuirudishe ile O?
Kidole kiko juu ya kioo, hakishuki.
Mkono wa kushoto ninayo moja,
imekunywa jasho, imeanza kupauka,
na huko chini barabarani
mtu anachoma mahindi.