Vigingi vya Makoti

Shule ilifungwa walipobaki watoto wanne,
mmoja wao Indrek wangu.
Wizara ikachukua ubao na ramani,
ikaniachia jiko, mwiko na funguo.
Nikanunua vitanda vya ghorofa vilivyotupwa na jeshi,
ishirini na sita; vinne hulia kama paka.

Vigingi vya makoti sikuvipandisha.
Vipo pale pale, usawa wa kiuno,
kila kimoja na picha yake: uyoga, ndoo, treni, kalunguyeye,
kwa ajili ya wale ambao hawajajua kusoma.
Profesa akija, meneja akija,
sharti ainame mbele ya uyoga.

Bei ni ndogo. Ukija na shuka lako, ndogo zaidi.
Huja waendesha baiskeli waliolowa chepechepe,
kwaya ya wastaafu, wafumaji wa wilaya,
na harusi moja, iliyovunjika kabla ya supu.
Wote nawaandika katika daftari la mahudhurio.

Februari nikakosea mstari.
Wikendi moja, makundi mawili:
watu kumi na wawili wa kimya, kutoka Tartu,
wasionena siku tatu ila kwa mkono kifuani;
na bendi ya matarumbeta, vijana kumi na wanane wa Võru.
Nilimpigia dada yangu Helju. Akacheka hadi simu ikakatika.
Nikawagawa: kimya darasa la juu,
shaba kwenye ghala la kuni.
Haikusaidia kitu.

Ijumaa usiku theluji ikaangusha nyaya.
Hita zikafa moja baada ya nyingine.
Tanuri la matofali liko darasa la kwanza tu.
Nikapiga kengele, ile ya mkono,
wakaja wote, magodoro vichwani,
wakijigonga kwenye milango.

Watu thelathini na mmoja sakafuni, nami nimo.
Wa kimya walikula viazi bila neno.
Vijana, kwa haya, wakanong'ona,
kisha wakaacha.
Nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau:
chumba kilichojaa, kimetulia,
dakika ile kabla karatasi za mtihani hazijagawiwa.

Karibu na alfajiri mpiga tuba, Kaur,
miaka kumi na mitatu, mabega kama mlango,
akalia. Kidogo tu, chini ya blanketi.
Mama yake husafisha vyumba kwenye meli za Stockholm.
Mwanamke mmoja wa kimya, Leelo, mhasibu,
aliyelipa euro tisini ili asiseme,
akajikokota hadi pale.
Nilidhani ataweka mkono kifuani, kama desturi yao.
Akasema, "Sogea."
Akalala.

Asubuhi hakuna aliyelitaja jambo hilo.
Kiongozi wao alikunywa uji akitazama dirisha.

Nilipofagia, skafu ya Kaur
ilikuwa bado kwenye kigingi cha kalunguyeye.
Sijaipeleka posta.
Anakua upesi yule;
akiirudia, itambidi ainame zaidi.