Anasomea Makapi

Watu wa Sertãozinho wakiniuliza binti anasomea nini
huwa nasema: makapi ya miwa.
Wanacheka. Nami nacheka nao kidogo,
maana jina lenyewe la shahada halinikai mdomoni,
lina miiba mingi kama samaki wa mtoni.

Nimekata miwa miaka ishirini na sita.
Panga lilikuwa na kalenda yake:
Aprili linanolewa, Novemba linatundikwa.
Tulichoma shamba usiku, tukaingia alfajiri,
majivu yakaangukia nguo zilizoanikwa mjini,
na mke wangu Lindalva akazifua mara ya pili
akinitukana polepole.
Kisha ikaja mashine. Mashine moja,
na mikono ya wanaume themanini
ikarudi nyumbani kutafuta pa kujiweka.

Jandira alikuwa darasa la saba.
Alikaa mlangoni akitafuna pingili,
akatema makapi kiganjani, akayakodolea macho
kama anayesoma barua isiyo yake.
"Baba, utamu umekwisha, lakini bado kuna kitu humu."
Nikamwambia ni nyuzi tu.

Sasa yumo muhula wa tano.
Hesabu, kemia, halafu hesabu tena;
wenzake wawili waliacha mapema,
mmoja anauza simu.
Yeye hupanda basi kabla jogoo hajakohoa,
hurudi usiku akinuka spiriti,
vidole vimepauka kwa glavu.
Anafundishwa kufuga wasioonekana:
kuwapa joto la nyuzi thelathini
(nyuzi hizi si zile za muwa, niliuliza),
kuwapimia hewa, kuwahesabu kwa darubini
mraba kwa mraba,
kufungua chupa karibu na moto ili mgeni asiingie.
Mimi nilidhani mgeni ni mtu.

Agosti aliniita nikaone.
Nilivaa shati la harusi ya mpwa wangu.
Chungu cha kioo, kidogo kuliko ndoo ya maziwa,
mrija huku, mrija kule, kikizunguka, kikipumua.
Ndani makapi, na vimeng'enya vikiyakata.
Neno ni lake hilo: vikiyakata.
Na hamira ikingojea utamu uliojificha.
Nikatazama viganja vyangu.
Hapana panga mle. Hapana mgongo ulioinama.

Siku ya kumi na moja chungu kikachacha ovyo.
Kuchacha si kosa, alinieleza, ndiyo kazi yenyewe;
kosa ni kumchachia bakteria asiyealikwa.
Mwenzake Nivaldo akasema: badili namba mbili tu,
nani atajua?
Jandira akaandika daftarini:
*Imeharibika saa nane usiku. Sababu: mimi.
Mrija wa tatu sikuufunga.*
Mwalimu Kuroiwa alisoma, akakaa kimya,
akapiga mstari chini ya neno *mimi*.
Alama hakumwongeza hata moja.
Alimpa ufunguo wa maabara.

Jumapili iliyopita, tukila maharage,
aliniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na msomi:
"Ni muwa gani uliokuwa ukikuvunjia panga?"
Nikamjibu bila kufikiri. Ule wa mteremko wa mawe,
wenye ganda la zambarau,
tulioukimbia wote asubuhi
tukimwachia aliyechelewa.
Akaacha kijiko. "Huo ndio ninaoutaka."

Tulikwenda wawili. Mlinzi ananijua, alitufungulia.
Nilikata mitatu, na kiuno kikanikumbusha kila mwaka.
Jioni ile vipande vilikuwa chupani,
na kwenye karatasi, kwa wino usiofutika:
tarehe, shamba, mteremko,
*mkataji: Valdomiro Pessanha.*

Lindalva anauliza kama shahada hiyo italeta mshahara.
Sijui. Kiwanda kipya barabara ya kaskazini
kinatafuta watu wenye vyeti, wanasema,
na wanasema mengi.
Ila wakiniuliza tena anasomea nini
nitasema makapi,
na safari hii
nitawaacha wacheke peke yao.