Nambari Kumi na Tisa

Hemanta aliniachia chapeo za jua arobaini na moja,
deni kwa muuza dawa,
na daftari lenye jalada la kijani.
Chapeo zilijaa juu ya kabati, chini ya kitanda,
nne bafuni, ndani ya magunia ya mchele.
Angeniletea mke mwenza ningegombana naye, mwisho ningemzoea.
Hawa walikuwa vichwa vitupu, hawajibu.

Kila Jumapili alivuka mto kwenda mnadani Kolkata
akarudi na askari wa watu amemkumbatia kwapani.
"Hesabu vipande vya kitambaa," aliniambia.
"Sita. Tazama matundu ya beji, yalivyokaa upande."
Kisha aliinusa. Kweli kabisa, aliinusa,
akasema jasho la jeshi haliishi harufu.
Mimi nilikuwa nawaza kodi ya nyumba.

Siku kumi na tatu za msiba zilipokwisha
Bwana Lahiri wa mnadani alipiga simu:
"Andika orodha, mama. Jeshi, mwaka, vita.
Isiyo na historia haina bei."

Basi nikajifunza uzeeni, kwa tochi na kioo cha kukuzia.
Nikaujua mhuri wa mshale, mali ya serikali.
Nikajua kirungu cha utosini hufunguka kichwa kipumue,
na kwamba mvua moja ya Julai
ilitosha kulifanya vazi la ukuu liwe uji.
Siku moja niliona tundu, moyo ukaruka: risasi!
Alikuwa mende.

Ya kumi na tisa haikuwa na mhuri.
Hemanta aliandika: "Haina thamani. Ya kubadilishana."
Bitana ilikuwa imelegea. Nikapenyeza kisu cha matunda, nikainua.
Ndani, shola tupu: moyo wa bua la kinamasini,
jani juu ya jani limegundishwa, jeupe, jepesi kama usufi.
Na juu ya weupe ule, alama za penseli:
vijiti vinne, cha tano kimevikata,
vinne, cha tano kimevikata,
mara saba.
Huko mkono wa askari haufiki.

Nilipanda treni hadi kituo cha mwisho kusini,
kisha bajaji, kisha miguu, viatu mkononi.
Nitai Malakar, miaka ishirini na sita,
alikuwa akichonga taji la bwana harusi wa kesho
kwa shola ileile.
Hakutazama kirungu wala ukanda wa ngozi.
Alilowesha kidole kwa mate, akakipitisha kwenye tabaka.
Halafu akachukua bua bichi akalizungusha chini ya kisu,
likamenyeka karatasi ndefu isiyokatika.
"Sisi tunamenya hivi," alisema.
"Huyu alimenya kinyume. Wa shoto."

Ni nani? Alicheka, si kwa ubaya.
"Ukoo wetu ulitengeneza maelfu ya hizi. Nani angeandika?"
Na thelathini na tano?
"Labda ni kazi ya siku moja.
Labda ni zile ambazo hakulipwa."
Akarudi kwenye taji lake; mteja alikuwa anakuja saa kumi.

Arobaini zimeuzwa. Muuza dawa siku hizi ananisalimia kwanza.
Katika daftari, chini ya mwandiko wa Hemanta,
ambao sikuufuta, maana naye alitafuta kwa namna yake,
nimeandika:

Jeshi: halijulikani.
Vita: havijulikani.
Mkono: wa shoto.

Bwana Lahiri aliuliza juzi iko wapi ya kumi na tisa.
Nikamwambia imeliwa na mende.